Boksi la Kofia: Jinsi ya Kusafiri Kibiashara kutoka Lamu hadi Nairobi

Safari yangu ya kwanza ya kupeleka kofia Nairobi niliikimbiza. Nilitoka Mokowe, gati la bara linalotazamana na Lamu, asubuhi, nikafika Mombasa baada ya adhuhuri, nikaunga basi la usiku, na kabla jua halijachomoza nilikuwa nimesimama Eastleigh, Isilii kama tuiitavyo, boksi kwapani, sijala wala sijalala. Mwenye duka la kwanza kufunguliwa alinipa kiti. Akanitazama macho, akazitazama kofia, akataja bei, nami nikaitikia. Kofia kumi na nne, ambazo kila moja ilikaa mapajani mwa mwanamke wa Langoni, mtaa wa Lamu, miezi miwili mitatu, zikaenda kwa nusu ya thamani yake. Na fedha zile hazikuwa zangu. Niliporudi nilizunguka nyumba moja moja kuwaeleza wenyewe. Bi mkubwa mmoja, fundi kuliko wote, hakunigombeza. Alinimiminia chai, akasema kwa Kiamu chake, Kiswahili cha Lamu: "Mwanangu, mwenye ndaa hauzi, hutupa." Yaani mwenye njaa.

Tangu siku hiyo nina kanuni moja, na yote ninayoeleza hapa yamejengwa juu yake: siku ya kusafiri si siku ya kuuza. Kati ya basi na treni weka usiku mmoja. Kati ya treni na mnunuzi weka usiku wa pili. Naandika kwa ajili ya wenzangu wa kofia, lakini anayepeleka vitu vya kuchonga, mikeka au majahazi ya mapambo naye atapata lake.

Hatua ya 1: Chagua mwezi kabla ya kuchagua siku

Kofia ina msimu. Wenye maduka Nairobi hujaza rafu kabla ya Ramadhani, si ndani yake. Ukifika katikati ya mfungo utakuta wameshanunua, na hamu yao ni kumaliza walichonacho kabla ya Idi. Mimi huondoka Shaabani, wiki ya pili. Safari yangu nyingine huwa kabla ya Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, ingawa hapo mara nyingi nusu ya kofia huniishia papa hapa Lamu, kwa wageni wanaokuja kwenye Maulidi ya msikiti wa Riyadha. Ikitokea hivyo usilazimishe safari. Kofia iliyouzwa nyumbani haina nauli.

Kisha tazama mvua. Barabara ya Mokowe hadi Garsen sasa ni lami, na anayeikumbuka ilivyokuwa ya vumbi na matope atashukuru kila kilomita. Lakini mto Tana ukifura haujali lami: mafuriko ya mwisho wa mwaka 2023 yaliikata barabara hiyo upande wa Gamba, na mizigo na watu vikakwama. Masika na vuli, waulize waliofika jana kutoka Mombasa, wala usitegemee habari za wiki iliyopita. Ongeza siku moja ya ziada kwenye hesabu yako. Usimwahidi mnunuzi "Jumatatu saa nne". Mwambie "kati ya Jumatatu na Jumatano". Mnunuzi wa kweli ataelewa.

Hatua ya 2: Funga kofia kama unafunga mayai

Hapa sitaki haraka, kwa sababu mali nyingi huharibika kabla haijatoka chumbani.

Kofia ya mkono ya Lamu ni bafta, kitambaa cheupe cha pamba, tabaka mbili, uzi umejazwa katikati, na vitundu vilivyotobolewa kimoja kimoja kisha kuzungushiwa sindano. Ikishafuliwa na kutiwa wanga inasimama. Ikikunjwa kwenye mkoba inapata alama ya mkunjo ambayo mnunuzi ataiona kabla ya kuona kazi yenyewe. Kwa hiyo tafuta boksi gumu la katoni, si mkoba. Jaza ndani ya kila kofia vipande vya bafta vilivyobaki kwa washonaji, au karatasi nyeupe. Usitumie gazeti. Wino wa gazeti hushika jasho la safari na kuacha kivuli cha kijivu ndani ya kofia, na dobi hodari atahangaika nacho. Zipange zimesimama, zisilaliane, kisha zifunike kwa kitambaa safi cha pamba.

Kabla ya kufunga, mimi hufukiza udi kwa mbali, dakika chache tu. Moshi ukikaribia sana huugeuza weupe kuwa unjano. Ukifukiza kwa kiasi, mnunuzi akifungua boksi Nairobi hupokewa na harufu ya nyumba yetu, na nimeona zaidi ya mara moja mtu aliyekuwa na haraka akikaa chini kwa sababu hiyo tu.

Nje ya boksi weka kipande cha turubai. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, na si vizuri kuhangaika na askari kwa ajili ya nailoni. Turubai linatosha kwa maji ya chumvi ya botini na mvua ya Miritini, kwenye stesheni ya treni.

Halafu chagua kofia moja iwe ya kuonyesha. Iweke peke yake, juu. Hiyo ndiyo itakayoshikwa, kupinduliwa na kuvaliwa na kila mtu. Zilizobaki zitaguswa na mikono ya mnunuzi tu.

Hatua ya 3: Daftari, kitambulisho, pesa

Daftari langu lina safu nne: jina la mshonaji, ukubwa wa kofia, bei ya chini kabisa aliyoniruhusu mwenyewe, na nafasi tupu ya bei itakayopatikana. Bei ya chini waulize wao, mbele yao iandike. Utakapokuwa umechoka na mtu anakusukuma, si wewe utakayekataa; ni daftari.

Kitambulisho cha taifa kiweke mahali ambapo mkono unakifikia bila kufungua mkoba. Utakitoa mara nyingi kabla ya Garsen. Kama chako kimepotea, maliza jambo hilo Lamu kwanza. Usijaribu kusafiri kwa maneno matupu.

Pesa ya njiani igawe: ya boti na chakula kwenye pochi ndogo, kwa noti ndogo ndogo, ya malazi kwenye simu, na ya dharura ndani ya buibui, mahali unapopajua wewe. Wanaume wana mfuko wa ndani wa kanzu au suruali, kazi ni ile ile.

Tiketi ya basi nunua mjini siku moja au mbili kabla, na uulize saa ya kuripoti Mokowe, si saa ya kuondoka. Ni saa mbili tofauti. Omba kiti cha katikati, mbali na magurudumu ya nyuma.

Hatua ya 4: Kuvuka

Waswahili husema msafiri ni aliye bandarini, nami nimeona ukweli wake: mpaka ufike gatini, mambo ya nyumbani hayakuachi. Toka mara baada ya Alfajiri. Kama mzigo ni mmoja, beba mwenyewe. Ikiwa ni maboksi matatu manne, mpe hamali wa rukwama au wa punda jana yake, mkubaliane bei jana yake.

Ulizia maji. Yakiwa yamekupwa, hasa siku za bamvua, ngazi za gati zina utelezi wa mwani na boti imekaa chini sana. Mpe mtu boksi kwanza, ushuke mikono mitupu, kisha ulipokee. Usishuke nalo. Vaa jaketi okozi hata kama safari ya Mokowe ni fupi na wengine wanaliacha chini ya kiti; liombe. Wakati wa kusi mbele ya boti huruka na upande wa upepo hunyunyiziwa, basi kaa nyuma, upande wa pili, boksi mapajani chini ya turubai.

Hapa ipo raha ya kwanza. Ukiwahi dakika ishirini, utamkuta muuza kahawa na dele lake gatini. Kikombe kimoja cha kahawa chungu, kashata moja, na mji nyuma yako bado una taa. Nimesafiri sana sasa, na sijapata kahawa nyingine inayoniweka sawa kama hiyo. Usiikose kwa sababu ya kuchelewa kufunga mlango.

Hatua ya 5: Basi la Mokowe hadi Mombasa

Ni zaidi ya kilomita 300, na mambo yakienda vizuri ni saa sita, saba. Boksi halikai kwenye buti. Nasema tena: halikai kwenye buti. Utaambiwa buti ni salama, na kweli hakuna atakayeiba, lakini juu yake patawekwa gunia la nazi. Mimi humweleza utingo kwa upole tangu mapema kwamba ndani mna kofia za watu, na nikikosa nafasi juu ya kiti nalipakata. Mara moja nililipa kiti cha pili. Ilikuwa sawa.

Kwenye vizuizi vya polisi abiria hushuka, hupanga mstari, hupita na kitambulisho mkononi, kisha hupanda tena. Ulinzi katika njia hii ulikazwa baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014, na sisi wa Lamu tumeuzoea, ijapokuwa kuzoea si kupenda. Kuna kina mama wazee wanaoshuka na kupanda huku magoti yanawauma, na inaniuma mimi kuwaona. Msaidie aliye karibu nawe. Vaa viatu vya kuvulika na kuvalika upesi. Ukiulizwa boksi lina nini, fungua mwenyewe, taratibu, nyanyua kitambaa. Usiache mkono mwingine uingie ndani.

Chakula: beba chako. Mahamri na mbaazi za jana usiku zinafaa asubuhi, lakini mbaazi zenye tui usizivushe adhuhuri, zitachacha. Mkate wa mofa hukaa. Tende hukaa. Maji kunywa kidogo kidogo, kwa sababu basi halisimami unapotaka wewe. Baada ya kula, futa mikono kwa kitambaa chenye maji kabla ya kugusa boksi. Alama ya mafuta ya hamri kwenye kofia nyeupe naijua, na sitaki uijue.

Witu tunaupita upesi siku hizi. Mimi huutazama kila mara, kwa sababu huo mji mdogo wa miembe ulikuwa na sultani wake, Ahmed Simba wa ukoo wa Nabahani wa Pate, na Wajerumani waliuweka chini ya ulinzi wao mwaka 1885 kabla ya kuukabidhi kwa Waingereza mwaka 1890. Mtoto wangu alipouliza kwa nini basi halisimami hapo kwa heshima, sikuwa na jibu.

Minjila na Garsen ndiko kwenye kituo cha kunyoosha miguu. Kama ni msimu wa maembe, nunua. Maembe ya bonde la Tana, ya Wapokomo, yana utamu ambao sokoni Nairobi huupati, na ukiyala dirishani huku upepo wa bonde unaingia, saa mbili zilizobaki hadi Malindi huwa fupi. Nunua matatu ya kula na sita ya mwenyeji wako. Kisha daraja la Sabaki, Malindi, msitu wa Arabuko-Sokoke upande wa kulia, na Kilifi, ambako wazee wetu walivuka kwa feri na leo tunapita juu ya daraja bila hata kupunguza mazungumzo. Korosho za Kilifi, kama unataka zawadi, chukua wakati wa kurudi.

Kuhusu swala: ruhusa ya msafiri unayo, kwa masafa haya hakuna shaka. Ukiona Adhuhuri itaingia na kukukuta njiani, tia nia ndani ya wakati wake ya kuichelewesha, kisha ufikapo Mombasa uikusanye na Alasiri, rakaa mbili mbili. Nimeona watu wakihangaika na dereva asimamishe gari mahali pasipo salama, ilhali dini imeshawapa wepesi.

Hatua ya 6: Usiku wa Mombasa

Utashawishika. Mwili bado una nguvu, basi la usiku linapiga honi, na mtu anakwambia utaokoa siku nzima. Hapa ndipo nilipozipoteza zile kofia kumi na nne. Bei iliporomokea Isilii, lakini uamuzi niliufanya hapa.

Nenda ukalale. Kama una shangazi au binamu Mji wa Kale, Majengo au Kisauni, mpigie kabla hujatoka Lamu, si ukiwa umesimama mlangoni. Mkono mtupu haulambwi: yale maembe sita mpe yeye, na achari ya nyumbani. Ng'onda na papa mkavu ni zawadi nzuri sana lakini usiviweke karibu na kofia. Harufu ya papa huingia kwenye bafta na udi wote unakuwa kazi bure. Vifunge kwenye ndoo yenye kifuniko, viende buti.

Kama huna jamaa, chukua chumba cha kawaida, karibu na msikiti na mbali na klabu, ghorofa ya kwanza au ya pili. Uliza kama mlango una kufuli ya ndani. Fungua boksi, acha kofia zipumue usiku kucha juu ya shuka safi. Oga, kula wali kwa samaki, piga simu nyumbani. Jioni hiyo ya Mombasa, ukiwa umekaa barazani kwa watu na hakuna anayekudai chochote mpaka kesho, ni sehemu ya safari ninayoipenda kuliko zote. Viazi karai, chai ya maziwa, mtoto wa binamu anajaribu kofia ya kuonyesha na inamfunika masikio.

Hatua ya 7: Treni

Kwa boksi la kofia, treni ni bora kuliko basi, hata kama nauli inapishana. Tangu Januari 2024 daraja la kawaida Mombasa hadi Nairobi lilipanda kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500, na wafanyabiashara wadogo tuliisikia. Lakini kuna rafu juu ya kichwa chako, hakuna gunia la nazi, na ni kama saa tano hadi sita kutegemea treni inasimama vituo vingapi. Kata tiketi siku kadhaa kabla. Karibu na Idi na sikukuu za Desemba viti huisha mapema sana. Jina la tiketi na la kitambulisho lazima yalingane herufi kwa herufi.

Stesheni iko Miritini, si mjini. Toka Mombasa saa mbili na nusu kabla ya treni kuondoka, maana msongamano wa Changamwe hauna adabu. Ukifika, mizigo hupangwa chini kwa mstari na mbwa wa polisi hupita kuinusa, kisha kuna mashine. Wengi wetu hatupendi mbwa aguse mzigo. Turubai litakusaidia: mbwa hunusa nje, nawe ukimaliza unaligeuza au kulisuuza.

Ukishakaa, weka boksi rafuni kwa ubapa wake, keti, na usifanye kazi. Najua wapo wanaofungua daftari na kupiga simu za wanunuzi njia nzima. Sauti ya mtu aliye safarini hujulikana, na mnunuzi mzoefu husikia haraka yako kabla hujataja kofia. Tazama dirishani. Baada ya Mariakani nchi inakauka, na ukishaingia Tsavo, reli ikipita kati ya mbuga mbili, utawaona tembo wekundu kwa udongo wa huko. Mara ya kwanza nilipowaona, abiria wote wa behewa walihamia upande mmoja, Mkamba, Mgiriama, Msomali na mimi, tukaoneshana kwa vidole kama watoto. Yule mama wa Kikamba aliyeketi mbele yangu aliniuliza boksi lina nini. Kofia ya kwanza kuuzwa safari ile aliinunua yeye, kwa ajili ya mkwewe Mwislamu, hapo hapo kitini, na kwa bei kamili. Hiyo ndiyo mara pekee nimevunja kanuni yangu, na nilikuwa nimelala vizuri.

Hatua ya 8: Nairobi, siku ya kufika

Treni hushusha Syokimau. Kuna treni ndogo ya kuingia mjini inayopokea abiria, na kuna matatu. Usikubali anayekuvuta mkono.

Usiidharau baridi. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na Juni hadi Agosti mtu wa pwani hutetemeka mpaka meno yanagongana. Sweta chini ya buibui, soksi, shali. Mtu anayetetemeka hukubali bei ya kwanza ili aondoke dukani.

Lala karibu na utakakouzia. Usiku huo fungua boksi, toa kila kofia, iangalie mbele ya taa, linganisha na daftari. Ikiwa imelegea upande, inyooshe kwa vidole na uirudishe kwenye bafta yake mpaka asubuhi.

Hatua ya 9: Kuuza

Kunywa chai. Sisemi kwa kupamba maneno; chai ya maziwa na chapati, umekaa, kabla ya saa tatu. Asubuhi ya Nairobi ukiwa umeshika kikombe cha moto kwa mikono miwili ina utamu wake, na hakuna sababu ya kuiruka.

Anza kuzunguka kama saa nne, wenye maduka wakishafagia na kupata mauzo yao ya kwanza. Isilii ndiyo yenye maduka mengi, lakini usisahau mtaa unaozunguka Msikiti wa Jamia katikati ya mji. Huko wapo wanaotafuta kofia moja nzuri ya kuvaa wenyewe, si dazeni ya kuuza, na hao hulipa vizuri zaidi. Duka la kwanza usiuze. Uliza bei ya kofia zao, shika za mashine walizonazo, sikiliza.

Ukifika unapotaka kuuza, salimia kikamilifu, uliza habari za nyumbani, kisha toa ile ya kuonyesha na unyamaze. Mpe mtu aishike. Halafu mwonyeshe ndani. Kofia ya mashine huonekana ndani kama nje, mishono yote sare kama mistari ya daftari. Ya mkono utaona sindano ilivyozunguka kila kitundu, na kimoja hakifanani kabisa na mwenzake. Iinue mwangani: nuru inapita kwenye vitundu, na upepo nao hupita hivyo hivyo kichwani. Hapo ndipo mnunuzi anaanza kuuliza maswali. Mwambie imeshonwa muda gani. Mwambie imeshonwa Lamu, mtaa gani. Jina la mshonaji mimi hulitaja kwa idhini yake tu.

Bei, acha aseme yeye kwanza kama unaweza. Kama ni chini ya daftari, usikasirike wala usicheke. Ifunge kofia kwa utaratibu ule ule uliotumia kuifungua. Wengi watakuita kabla hujafika mlangoni. Asiyekuita, ulikuwa humuuzii kitu.

Mali kauli ndiyo mtego wa biashara yetu. "Niachie kumi, nitatuma pesa zikiisha." Mimi humwachia mtu mali kauli baada ya kununua taslimu mara tatu, na haizidi kofia tatu, na huandika mbele yake, akatia sahihi. Kuna duka moja lililonichelewesha mwaka mzima, nami kila Ijumaa nikipita Langoni nilikuwa nakwepa mlango wa mama mmoja. Sitaki uishi hivyo.

Akilipa kwa M-Pesa, usiangalie simu yake, angalia yako. Ngoja ujumbe, kisha fungua salio uhakikishe, ndipo boksi lifunguliwe. Fedha ikizidi mahitaji ya njiani, iweke benki siku hiyo hiyo.

Na kabla hujatoka, uliza walichokosa. Ukubwa gani unaisha haraka? Inchi 22 na nusu? 23? Michoro ipi inaulizwa? Andika. Maswali haya matatu yana faida kuliko kofia moja ya ziada iliyouzwa.

Isilii pia nilisikia siku moja, nyuma ya duka la vitambaa, mzee anamwambia kijana wake, "Ndoo hapa," yaani njoo, kwa lafudhi ya kwetu. Niligeuka kama nimeitwa mimi. Alikuwa mtu wa Pate, miaka thelathini Nairobi. Alinunua kofia mbili na kunipa maji, tukazungumza Kiamu mpaka adhana.

Hatua ya 10: Kurudi

Usirudi na boksi tupu. Nunua bafta na uzi kwa jumla, kwa fedha uliyoagizwa, na sindano nzuri; mikono iliyokushonea inazihitaji. Njia ni ile ile kinyume, na usiku wa Mombasa usiufute hata sasa, kwa sababu una fedha za watu.

Mokowe utafika alasiri. Panda boti, kaa uone mji ukisogea: minara, minazi, kuta nyeupe za mbele, punda wanaonekana kabla ya watu. Shuka, nenda nyumbani, oga, na kabla ya Magharibi anza kuzunguka na daftari. Kila mshonaji aone safu ya nne kwa macho yake, bei iliyopatikana, na ahesabu fedha zake mbele yako. Yule bi mkubwa wangu huhesabu mara mbili, hufunga noti kwenye pindo la leso, kisha ananyanyua kofia mpya aliyoifikisha nusu na kuuliza, "Hii niifanye ukubwa gani?" Hapo ndipo unamsomea ulichoandika Isilii.